Nani Humpa Pole Daktari Anayefundisha Madaktari?

Mwezi huu nilikuwa nimeahidi kuendelea na habari za chanjo za watoto. Naombeni radhi, chanjo zitasubiri hadi toleo lijalo. Kuna jambo limenikaa moyoni tangu Ijumaa moja jioni pale Feri, nami nimeona nisilipitishe.

Siku hiyo nilikuwa nimetoka Kariakoo kununua vitambaa vya meza vya ukumbi wetu wa kanisa. Magari yalikuwa hayasogei, basi nikaamua kutembea. Nikapita Mnazi Mmoja, nikaingia Posta, nikashuka hadi barabara ya Kivukoni ili nikapande pantoni kwenda Kigamboni kumwona mgonjwa wetu mmoja. Nilipokaribia Feri nikaona gari ninalolifahamu limeegeshwa pembeni, injini imezimwa, vioo vimeshushwa. Ndani ameketi mwanamke peke yake, mikono yote miwili juu ya usukani, anatazama maji.

"Dokta, gari limekuharibikia?" nikamwuliza.

"Hapana, Sista. Naacha pantoni zipite."

"Umeacha ngapi?"

"Hiyo inayoondoka ni ya tatu."

Nikafungua mlango nikaketi naye. Huyu ni bingwa wa magonjwa ya akina mama na uzazi, na kwa miaka 4 sasa ndiye anayeongoza mafunzo ya madaktari wanaosomea ubingwa katika idara yake. Jina lake silitaji, wala hospitali yake. Ana mume mwema, watoto watatu, na mama mkwe anayempenda. Aliniambia kwamba kila jioni hukaa pale nusu saa, siku nyingine saa nzima, kwa sababu anaogopa kufika nyumbani. "Mtoto akiniita mama, nashtuka kama nimepigiwa simu ya wodini," alisema. Kisha akanyamaza, halafu akasema kwa sauti ndogo: "Juzi kwenye raundi nimemwambia binti mmoja maneno. Maneno yale yale, Sista."

Sikumwuliza ni maneno gani. Niliyajua, kwa sababu yeye alipoambiwa, miaka mingi nyuma, mimi nilikuwa nimesimama karibu naye nimeshika faili. Nitawasimulia. Lakini kwanza niwaeleze kazi yenyewe, maana wengi wetu tunaiona kwa nje tu.

NGAZI YA MAKOTI MEUPE

Tukiona kundi la makoti meupe limezunguka kitanda cha mgonjwa asubuhi, tunadhani wote ni madaktari wa aina moja. Sivyo. Wapo wanafunzi wa chuo, ambao shahada yao ya udaktari huchukua miaka 5. Yupo interni, aliyekwisha maliza chuo lakini anafanya kazi mwaka mmoja chini ya uangalizi kabla ya kusajiliwa kikamilifu. Yupo daktari aliyerudi shule kusomea ubingwa, miaka 3 au 4, na huyu ndiye anayelala hospitali kuliko wote. Halafu wapo mabingwa wenyewe.

Miongoni mwa mabingwa hao mmoja hukabidhiwa mafunzo. Anapanga zamu, anatunga na kusahihisha mitihani, anasimamia tafiti za wanafunzi, anatia sahihi madaftari yao ya kazi, anahudhuria vikao visivyokwisha. Na hapo hapo ana kliniki yake, siku zake za upasuaji na zamu zake za usiku. Mgonjwa akifariki, anaulizwa yeye. Mwanafunzi akifeli, anaulizwa yeye. Jioni, kwa kuwa mshahara una mwisho wake, wengi wao hupitia hospitali binafsi za Upanga au Kariakoo wakaona wagonjwa hadi saa tatu usiku.

Nchi yetu ilianza na watu wachache mno. Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba wakati wa Uhuru, mwaka 1961, tulikuwa na madaktari 12 tu. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1963 pale Muhimbili, ikakua hadi kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Vyuo vingine vikafuata, Moshi, Mwanza, Mikocheni na kwingineko, na wanafunzi wakawa wengi. Tumshukuru Mungu. Lakini bingwa wa kuwafundisha hapatikani haraka. Hesabu mwenyewe: miaka 5 ya shahada, 1 ya interni, michache ya kazi, 3 au 4 ya ubingwa. Wanafunzi wanaongezeka kama mvua ya masika, walimu kama matone ya bomba bovu.

(Nikiwa hapo hapo: kila siku wauguzi wa Muhimbili hutaja jengo la wodi liitwalo Sewa Haji. Ni wangapi wanakumbuka kwamba huyo alikuwa mfanyabiashara aliyetoa fedha zake ijengwe hospitali ya wenyeji na Wahindi hapa mjini, wakati ile ya Ocean Road, iliyofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897, ikiwa ya Wazungu? Tunayo desturi ya kutaja jina na kumsahau mtu.)

"AMECHOKA"

Hapa Dar es Salaam ukisema mtu "amechoka" watu hucheka, wakidhani unasema hana hela. Uchovu ninaouzungumzia si huo, wala si ule unaoisha kwa kulala Jumapili mchana.

Mwaka 1974 mwanasaikolojia mmoja wa New York, Herbert Freudenberger, aliandika juu ya watu waliokuwa wakijitolea katika kliniki ya bure. Aliona kwamba waliokuwa wakiungua na kuishiwa hawakuwa wavivu. Walikuwa wale waliojitoa kuliko wenzao. Baadaye Christina Maslach wa California, pamoja na mwenzake Susan Jackson, walitengeneza kipimo chake, kilichochapishwa mwaka 1981. Walitaja mambo matatu. La kwanza ni kuishiwa nguvu za moyo. La pili ni moyo kufa ganzi kwa watu unaowahudumia. La tatu ni kujiona kwamba hakuna la maana unalofanya. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuweka uchovu huu katika orodha yake mpya, likaeleza kwamba si ugonjwa bali ni matokeo ya mkazo wa kazi wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa. Ninaomba mlishike neno hilo la kazi, nitalirudia.

Wodini tunaujua bila kipimo. Daktari aliyekuwa akisema "Mama Neema ameamkaje?" anaanza kusema "Kitanda namba 7 vipi?" Aliyekuwa akieleza ndugu wa mgonjwa mara mbili, sasa anajibu huku anatembea. Anafanya upasuaji vizuri kabisa, mikono haijasahau, lakini akitoka hakumbuki sura ya aliyemtibu. Nyumbani anakula huku anatazama ukuta. Mume au mke anadhani amekosewa.

USIKU WA DAKIKA 40

Sasa nirudi mwaka 2009. Mimi nilikuwa na miaka 6 kazini, na daktari huyu alikuwa mwaka wa pili wa ubingwa. Mwalimu wao mkuu alikuwa bingwa hodari wa mikono, mwanamume ambaye akina mama wengi wa jiji hili wanamshukuru hadi leo. Asubuhi moja kwenye raundi alimwuliza kwa nini usiku alimwamsha kwa ajili ya mgonjwa ambaye hakuwa na tatizo kubwa. Binti akajaribu kueleza. Akamkatiza, mbele ya wanafunzi, mbele yetu wauguzi na mbele ya mgonjwa mwenyewe: "Kama jambo dogo kama hili huwezi kuliamua, rudi nyumbani ukapike."

Wanafunzi wawili wakacheka. Mgonjwa akageukia ukutani. Binti akasema, "Samahani, dokta," na raundi ikaendelea.

Usiku wa tatu tangu siku hiyo tulikuwa zamu pamoja. Mama mmoja wa miaka 22, uzazi wa kwanza, alijifungua salama mtoto wa kiume, kisha damu ikaanza kutoka. Tulikanda tumbo, tukamtundikia dripu mbili, tukampa dawa ya kuukaza mfuko wa uzazi. Mimi nilibadilisha pedi na kuzihesabu. Ilipofika ya nne nikamtazama daktari. Alitoa simu mfukoni, akaitazama, akairudisha. "Tusubiri kidogo, Sista."

Nami nikasubiri. Namba ya bingwa ilikuwa imebandikwa ukutani mbele ya macho yangu, na hakuna sheria iliyokuwa ikimkataza muuguzi kupiga. Lakini mimi pia nilikuwepo kwenye raundi ile. Nilikuwa nimesikia kicheko. Tulisubiri dakika 40.

Alipoitwa alikuja mbio, na sijawahi kumwona mtu akifanya kazi kwa utulivu kama ule. Mama alipona. Mfuko wa uzazi haukuokoka. Labda hata tungemwita mapema ingekuwa hivyo hivyo. Neno hilo "labda" nimelala nalo miaka mingi.

Wiki mbili baadaye ndipo tulipojua kwamba bingwa yule alikuwa amemzika mama yake kijijini siku chache kabla ya raundi ile. Alirudi kazini siku ya nne kwa sababu mwenzake wa kupokezana zamu alikuwa amekwenda masomoni na hakukuwa na mwingine. Usiku ule alioamshwa bila sababu, kama alivyoona yeye, ulikuwa wa tatu mfululizo. Sisi tulikuwa tumempa pole mlangoni, kwa kushikana mkono, tukampa na orodha ya wagonjwa.

Sisemi hivyo kumtetea. Maneno aliyoyasema hayakuwa halali hata kama angefiwa na ukoo mzima. Ninasema hivyo kwa sababu tunapenda kuhesabu hasara ya uchovu kwa huyo aliyechoka: shinikizo la damu, usingizi, ndoa. Hasara ya mwalimu aliyechoka haikai kwake. Inashuka ngazi. Kutoka kwake inakwenda kwa mwanafunzi wa ubingwa, kutoka hapo kwa interni, kisha kwa muuguzi, na mwisho wa ngazi amelala mama wa miaka 22 ambaye hata hajui kulikuwa na raundi. Tena inashuka na miaka. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Binti aliyeambiwa akapike ndiye huyu aliyekuwa pale Feri, na maneno aliyomwambia mwanafunzi wake, mwanamke kama yeye, yalikuwa hayo hayo ya kwenda kupika.

AKILI YA HISIA NI NINI?

Mwaka 1990 wataalamu wawili wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, waliandika juu ya kitu walichokiita akili ya hisia, na mwaka 1995 mwandishi Daniel Goleman akakifanya kijulikane duniani kwa kitabu chake. Kwa maneno ya kawaida ni uwezo wa kutambua unachojisikia na anachojisikia mwenzako, kuelewa kimetoka wapi, na kukitawala kisije kikakutawala wewe.

Watu wengi hudhani maana yake ni upole. Hapana. Nimefanya kazi na wakubwa wapole wa sauti ambao ukimya wao ulitutisha kuliko kelele. Na nimefanya kazi chini ya mama mmoja, msimamizi wa wodi, mkali kama pilipili kichaa. Siku nyingine aliingia asubuhi akatangaza mlangoni: "Leo msinizoee, nimeamka vibaya, si kosa la mtu." Basi. Hakuwahi kusoma kitabu chochote cha Goleman. Lakini tulijua kwamba ukali wa siku ile ulikuwa na mwenyewe, na kwamba mgonjwa akibadilika tunaweza kumwita bila hofu, maana alikuwa ametuambia kabla kwamba hatukumkosea. Kosa la muuguzi alilisahihisha ofisini, mlango umefungwa, kwa ukali wote. Mbele ya mgonjwa hakumwaibisha mtu hata siku moja.

Bingwa wetu wa 2009 angeweza kusema asubuhi ile, "Nina msiba na sijalala, nitakuwa mfupi wa maneno." Sentensi moja. Ila mwanamume wa umri ule, mkubwa wa idara, alifundishwa na nani kusema hivyo? Madaktari wanafundishwa tangu mwaka wa kwanza kutoonyesha kutetereka, na kwa sehemu ni sawa, maana hakuna anayetaka mpasuaji anayelia. Tatizo ni kwamba hawafundishwi pa kwenda kutetereka baadaye.

SEMINA HAITOSHI

Hapa nitasema neno ambalo huenda baadhi ya wakubwa wasilipende. Siku hizi semina za mambo haya zimekuwa nyingi. Daktari anaitwa kwenye ukumbi wa hoteli mjini, anapewa daftari, kalamu, chai na sambusa, anafundishwa kupumua polepole. Nimehudhuria moja na nilijifunza. Lakini kama kesho yake anarudi kwenye wodi ile ile, mabingwa wawili kwa kazi ya watano, umemfundisha kupumua huku umemkalia kifuani. Kumbukeni lile neno la Shirika la Afya Duniani, kazi. Uchovu uliotoka kwenye kazi hautaondoka kwa kumtengeneza mtu peke yake.

Aliyekuwa hospitalini mwaka 2012 anakumbuka migomo ile. Januari ilianzia kwa mainterni waliokuwa wakidai posho, ikasambaa kwa madaktari wengine, na Juni ikarudi tena. Mengi yalisemwa juu ya vijana, na mengi juu ya serikali. Waliokuwa katikati ni mabingwa waliowafundisha wale vijana, ambao walibaki na wagonjwa wodini. Wakiwaunga mkono wanafunzi wao, wanaonekana wachochezi. Wakinyamaza, wanaonekana wasaliti. Wengi wao walikuwa na watoto wa umri ule ule wa mainterni. Sikusikia mtu akiwauliza walilalaje.

Basi la kwanza liwe la mpangilio wa kazi. Anayeongoza mafunzo apunguziwe kliniki au zamu, badala ya kuongezewa mafunzo juu ya mzigo wake wa zamani kama kofia juu ya kilemba. Aliyekesha usiku asiongoze raundi asubuhi. Aliyefiwa asirudi siku ya nne. Uongozi uzima usiwe wa maisha: miaka kadhaa, kisha mwingine apokee. Hata Musa, wasomaji wangu mnaikumbuka habari hiyo, alihitaji mkwewe Yethro aje amtazame siku moja nzima ndipo aambiwe kwamba atajimaliza, yeye na watu wake, na kwamba achague wasaidizi. Yethro hakumfundisha kupumua.

La pili halihitaji fedha. Huko London katika miaka ya 1950 daktari mmoja, Michael Balint, na mkewe Enid, walianza kuwakusanya madaktari wachache wakae duara na mmoja wao aeleze habari ya mgonjwa anayemsumbua moyoni. Shabaha haikuwa kujadili dawa. Waliangalia kile ambacho mgonjwa yule anamfanyia daktari, kwa nini akimwona anakasirika, au kwa nini hawezi kumsahau. Vikundi vya namna hiyo vipo katika nchi nyingi hadi leo. Mimi nilipoeleza jambo hili kwenye kikundi chetu cha akina mama, mama mmoja muuza vitenge wa Kariakoo alishangaa. "Kwani hawana?" alisema. "Sisi tunakaa hivyo kila Alhamisi, na kazi yetu ni kuuza nguo."

Kweli. Nusu saa kwa wiki, mlango umefungwa, simu ziko kwa mtu mmoja wa zamu. Na mkubwa awe wa kwanza kusema, maana mdogo hatathubutu kutangulia.

NASI TULIO NJE JE?

Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo na watu zaidi ya 25 kupoteza maisha, sote tulisimama kuwaombea majeruhi, wafiwa na waokoaji waliochimba usiku na mchana. Ilistahili. Sikumbuki mtu katika kikundi chetu aliyewataja waliokuwa wakiwapokea majeruhi hospitalini, wala bingwa aliyekuwa akimwelekeza kijana wake mahali pa kushona huku machela nyingine inaingia. Mimi ni muuguzi, nami sikuwataja.

Dada yangu uliyeolewa na daktari wa namna hii, au kaka uliyemwoa, usianze na swali la "mbona siku hizi huongei nasi?" Atasikia lawama nyingine juu ya zile za kazini. Mpe nusu saa ya kwanza bila maswali, bila bili ya umeme, bila habari ya ada. Halafu mwulize swali dogo: leo nani alikuudhi? Watu huona haya kusema wameumia, lakini kuudhiwa wanakubali, na mlango ukishafunguliwa mengine hutoka yenyewe. Watoto waelezwe ukweli kwa kipimo chao, kwamba mama amechoka na kazi, hajawakasirikia.

Na zipo dalili ambazo si za kusubiri. Akikosa usingizi wiki baada ya wiki, akianza kunywa pombe ili alale, au akijipa mwenyewe dawa za usingizi, maana daktari anazo karibu, akisema hana faida kwa mtu au afadhali asingekuwepo, huo si uchovu wa kawaida tena. Anahitaji kuonwa na daktari wa afya ya akili, na kama amesema neno la kutaka kufa, ni siku hiyo hiyo, asiachwe peke yake. Madaktari ni wagumu sana hapa kwa sababu wanaogopa kukutana kwenye foleni na wanafunzi wao. Basi aende hospitali nyingine, mji mwingine ikibidi. Kiapo cha madaktari wa dunia kiliporekebishwa mwaka 2017 kiliongezewa ahadi kwamba daktari atatunza afya yake mwenyewe ili aweze kutibu vizuri. Mkumbusheni kwamba naye ameapa.

Mgonjwa na ndugu wa mgonjwa, hamtakiwi kumbeba daktari, mna mzigo wenu. Ila neno "pole na kazi" lisemwe mkimtazama usoni.

Pale Feri tulikaa hadi giza. Nilimwuliza yule binti alijibu nini alipoambiwa akapike. "Alisema, 'Samahani, dokta,'" akanijibu. Kisha akalia, na mimi nikamwacha alie, pantoni ya tano na ya sita zikaenda.

Jumatatu iliyofuata, kwenye raundi, alisimama kwenye kitanda kile kile mbele ya watu wale wale akamwomba radhi mwanafunzi wake. Alinipigia simu mchana. "Sauti ilinitetemeka, Sista. Mmoja wao alidhani naumwa malaria." Jambo gumu zaidi lilikuwa nyumbani. Yeye na mumewe waliamua aache kliniki mbili za jioni kati ya nne alizokuwa nazo, na hiyo ni fedha iliyokuwa inajenga ukuta wa nyumba yao. Mama mkwe hakufurahi, maana vibaka wapo kweli. Ukuta umesimama kwenye mstari wa tatu wa matofali. Bado hajapata wa kupokezana naye uongozi wa mafunzo. Ameandika barua mbili, na anasubiri jibu.

Mwezi uliopita yule binti alimpigia saa tisa usiku kwa ajili ya mama aliyejifungua ambaye damu yake alikuwa haielewi. Daktari akavaa, akazungukia daraja la Kigamboni, akafika, akampima mama, akakuta damu ni ya kawaida kabisa. Akamwambia binti, "Umefanya vizuri kuniita." Hakukuwa na haja ya kurudi nyumbani tena, kwa hiyo akaingia chumba cha wauguzi wakamgawia chai yao. Aliniambia ilikuwa imepoa, na sukari imezidi.